Kuiandaa Nyumba Kabla ya Mnunuzi Kuja Kuiona

Mtu anayekuja kuiona nyumba yako jijini Dar es Salaam mara nyingi huwa amekwisha kuzungushwa na madalali kwa wiki kadhaa. Ameona nyumba za Kimara, za Mbagala na za Kigamboni, ameambiwa kila moja kuwa haina tatizo, na katika mizunguko hiyo amejifunza kutazama hasa pale ambapo mwenyeji hapendi atazame. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya nyumba inayouzwa yafanywe kwa nia ya kumwezesha mgeni huyo kuiona nyumba yote bila kizuizi, na yale ambayo hayawezi kurekebishwa ayajue kutoka kinywani mwako.

Jambo hili nililijifunza tulipokuwa tukiuza nyumba ya marehemu mama yangu, Tabata. Sebule tuliipaka rangi na kuitundikia mapazia mapya, lakini katika chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake ulikuwa umeliwa na chumvi, tulisogeza kabati kubwa la nguo likafunika mahali palipoharibika. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyefuatana na fundi wake. Hakusema neno, alipitisha mkono nyuma ya kabati, akaupapasa ukuta, akautoa mkono na kutuonyesha kiganja kilichojaa unga mweupe. Hakurudi tena. Chumvi angeweza kuivumilia, maana nyumba nyingi za pwani zinayo. Kabati ndilo lililomfanya ajiulize tumeficha nini kingine.

Anza basi na kuta, tena mapema, angalau miezi miwili kabla ya kumwita dalali. Unyevu hupanda kutoka ardhini kupitia msingi, ukabeba chumvi iliyomo kwenye mchanga na matofali, na maji yanapokauka chumvi hubaki juu ya plasta na kuibandua. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza fedha, kwa kuwa rangi hiyo itavimba na kumenyuka. Mwambie fundi aibandue plasta yote iliyooza, avuke kidogo alama ya juu ya unyevu, auache ukuta ukauke, kisha apige plasta mpya iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Plasta hiyo nayo isubiri takribani wiki 4 kabla ya kupakwa rangi. Ikiwa chanzo ni maji ya mvua yanayotuama ukutani kwa nje, au bomba linalovuja, hicho ndicho kitengenezwe kwanza. Kazi hii haimalizi chumvi milele, na ni haki mnunuzi aelezwe kwamba ukuta ulitengenezwa lini na kwa namna gani.

Paa lifuate. Alama za kahawia kwenye dari humwambia mgeni kwamba bati linavuja, hata kama ulikwisha kuliziba mwaka uliopita. Kwa hiyo ziba tundu, subiri mvua moja kubwa ithibitishe, ndipo ubadilishe ubao wa dari au uupake rangi. Ukiweza, kazi ya kuziba ifanye wakati wa kiangazi, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, kwa sababu mnunuzi makini hupenda kuja mvua ikinyesha.

Baada ya hapo pita chumba kwa chumba ukijifanya mgeni. Washa kila taa na kila feni, chomeka chaji ya simu katika kila soketi, fungua kila koki, vuta maji ya choo, funga na kufungua kila mlango. Kitasa kinachogoma na koki inayodondosha maji ni vitu vya bei ndogo, lakini humfanya mtu aamini kwamba hata visivyoonekana vimetelekezwa. Hakikisha tangi lina maji siku ya wageni, na kwamba umeme haujakatika kwa sababu ya uniti za LUKU kuisha. Chemba za maji taka zifunikwe vizuri, na shimo likiwa limekaribia kujaa linyonywe mapema, kwa kuwa harufu ya shimo hufika getini kabla ya salamu.

Kuhusu harufu nina neno moja zaidi. Sisi watu wa pwani tumezoea kufukiza udi mgeni anapotarajiwa, na ni desturi njema. Ila katika nyumba inayouzwa, udi mwingi mchana humtia mtu shaka kwamba kuna uvundo unaofunikwa. Fungua madirisha tangu asubuhi, anika magodoro na mazulia, osha nyavu za mbu zilizojaa vumbi, na hewa safi itatosha.

Vyombo vipunguzwe. Chumba chenye makochi yanayogusana huonekana kidogo kuliko kilivyo, hivyo peleka vya ziada kwa ndugu. Kama wamo wapangaji, zungumza nao kwa heshima, kubalianeni siku na saa, na usimwingize mtu chumbani kwa mpangaji bila ridhaa yake. Mpangaji aliyeshtukizwa anaweza kukuharibia mauzo kwa sentensi moja.

Nje, fyeka majani na uzitafute bikoni za mipaka ya kiwanja. Katika mitaa yetu, ambako ugomvi wa mpaka huweza kudumu miaka, bikoni iliyosafishwa ikaonekana ina uzito kuliko rangi mpya ya geti.

Andaa pia jalada la nyaraka: nakala ya hati miliki au leseni ya makazi, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na bili za maji zilizolipwa. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, hivyo weka kumbukumbu za manunuzi ya umeme. Nyumba ya urithi iambatane na barua ya usimamizi wa mirathi. Mwenye ndoa ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mnunuzi kuuliza iwapo mwenzi ameridhia, kwa hiyo ni vyema mwenzi wako awepo na aseme mwenyewe. Onyesha nakala tu. Hati halisi isitoke mkononi mwako, na mnunuzi aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, yaani kuhakiki mmiliki ni nani.

Wageni waalike asubuhi kuanzia saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi, jua likiwa limepungua ukali. Funga mahali salama simu, dhahabu na fedha, andika jina la kila aliyeletwa na dalali, na mtu mmoja tu wa nyumbani awatembeze. Wakaribishe, wape maji ya kunywa, kisha waache wakae peke yao uani kwa dakika chache, maana hapo ndipo mume na mke huulizana bei wanayoiweza. Mnunuzi akikuomba kurudi siku ya mvua, mkubalie siku hiyo hiyo na umpe namba yako, asipitie kwa dalali.