Somo: Lenzi ya tilti na shifti, kwa wanaopiga majengo na mashamba

Wakuu, kila wiki naulizwa kwa nini majengo kwenye picha zangu hayalali kinyumenyume. Naandika mara moja; mwenye swali asome kwanza.

Natumia Canon TS-E ya milimita 24, toleo la pili. Shifti ni kuisogeza lenzi huku kamera imetulia, mwisho milimita 12. Tilti ni kuiinamisha, mwisho nyuzi 8.5. Fokasi, yaani kuifanya picha iwe wazi, ni ya mkono.

1. Stendi imara. Upepo wa Dodoma mnaujua.
2. Rudisha shifti na tilti kwenye sifuri.
3. Weka kamera sawa kwa pimamaji. Juu ya jengo patakatika, paache.
4. Pima mwanga sasa. Ukishasogeza lenzi, kipimo cha kamera kinadanganya.
5. Panda na shifti hadi paa liingie.
6. Tilti. Hapa niliharibu kazi ya mtu. Shamba la zabibu Hombolo, mwenyewe anataka mistari iwe wazi kutoka miguuni hadi mwisho. Nikainamisha mpaka ikagoma, nikiamini ndivyo inavyotakiwa. Kwenye kioo cha kamera ikaonekana safi. Nyumbani nikakuta kipande cha udongo tu ndicho kimetoka wazi, mizabibu yote ya nyuma ukungu. Nilirudi shambani kwa nauli yangu.

Hesabu yake: gawa urefu wa fokasi wa lenzi (yangu ni 24) kwa kimo cha kamera kutoka ardhini, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 57. Kamera ikiwa mita moja na nusu: 24 kwa 1500, mara 57, unapata nyuzi 0.9. Moja haifiki! Fokasi ya mbali irekebishe kwa pete ya fokasi, ya karibu kwa tilti, rudia mpaka zote zikae. Funga kitundu cha lenzi kinachopitisha mwanga hadi f/8 au f/11. Tahadhari: kitu kirefu kilicho karibu nawe kitapata ukungu kichwani.

MASWALI

— Mkuu nimefuata yote, jengo bado linalala.
Hatua ya 3.

— Nilielekeza juu kidogo tu lakini.
Hicho kidogo ndicho kinacholaza jengo.

— Si tunanyoosha kwenye kompyuta?
Unaweza. Pembe zitakatwa na sehemu ya juu itavutwa hadi ipoteze uwazi. Mimi mteja akichapa kubwa siwezi kumpa hiyo.

— Shikamoo kaka. Nina lenzi ya kawaida tu, nataka kupiga Msikiti wa Gaddafi. Nifanyeje?
Marahaba, dada. Swali zuri. Simamisha kamera wima, pimamaji sawa, rudi nyuma mpaka paa liingie. Chini utapata lami tupu, ikate. Umeshafanya shifti, maana hata lenzi yangu inachora duara kubwa kuliko picha, mimi nachagua kipande tu. Weka picha hapa tuione.

— Vumbi je? Yangu inakwaruza ikisogea.
Brashi laini kwenye reli kila ukitoka kazini, lenzi ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanagandisha vumbi. Na kabla ya kuifungia begi, rudisha sifuri, kaza skrubu.