Chai, Ukwaju na Pepo: Kuutunza Mwili Msimu kwa Msimu Mombasa

Mwaka wa Mombasa huenda kwa pepo. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi na joto lake; Aprili huingia Kusi na mvua za masika, ambazo hushika sana Mei; kisha kipupwe cha Juni hadi Agosti, halafu vuli. Mwenye kunywa Februari chai ile ile kali ya tangawizi na pilipili manga aliyoinywa Mei, akashikwa na kiungulia na jasho, asiilaumu tangawizi.

Chai ya masika, kwa watu wanne. Ukienda sokoni, Marikiti au Kongowea, chagua tangawizi ngumu, ya ganda lililokaza, inayokatika kwa mlio. Iliyonyauka ni nyuzi tupu. Ponda kipande cha gramu 30 hivi, kama kidole gumba kinene, ukitie kwenye lita moja ya maji pamoja na iliki tatu zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili. Ukizidisha karafuu chai huwa chungu na ulimi hufa ganzi. Funika, ichemke kwa moto mdogo dakika 10. Zima jiko, tumbukiza mabua mawili ya mchaichai uliyoyafunga fundo, funika tena dakika tano. Mchaichai usichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwani harufu yake ni mafuta mepesi yanayokwenda na mvuke.

Wanaopenda ya maziwa wayatie baada ya tangawizi kuchemka vizuri. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Ndiyo sababu chai ya wengine hukatika wakadhani maziwa yamelala. Ndimu nayo ni ya chai ya rangi tu, ikamuliwe kikombeni.

Chai hii hulainisha koo na kutuliza kichefuchefu. Mafua yenyewe yatakwenda kwa muda wake, aghalabu siku 7 hadi 10. Kujifukiza kunazibua pua, lakini sufuria ya maji yanayotokota chini ya leso ni hatari: ipua, iweke mahali pasipoyumba, ngoja mvuke upungue, na watoto wasifukizwe kabisa. Mwarobaini wa kunywa usimpe mjamzito wala mtoto mchanga, hata jirani aseme nini.

Kipupwe hakina mengi. Upepo hukausha ngozi, basi paka mafuta ya nazi mara utokapo kuoga, mwili ungali na unyevu. Mafuta hayo hayo yaache Kaskazi ikiingia, maana huziba vinyweleo na kuzidisha harara. Wakati huo oga maji baridi, vaa pamba isiyobana.

Joto likipanda, kinywaji ni ukwaju. Roweka gramu 100 katika lita moja ya maji ya vuguvugu nusu saa, vuruga kwa mkono, chuja, tia vijiko viwili vya sukari na chembe ya chumvi. Tumia bakuli la kioo au plastiki, kwa kuwa ukali wa ukwaju hula aluminiamu na shaba. Weka kwenye friji, umalize kwa siku mbili. Dafu ni zuri pia, ila mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kwa sababu ya potasiamu.

Viungo hivi vyote havifui dafu ikiwa kikombe kimejaa sukari. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni takriban gramu 50, na hicho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima kwa siku nzima. Hapo hujagusa kaimati wala halua. Usiache ghafla, utarudi kabla ya wiki kwisha. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na kadiri unavyopunguza ongeza iliki na mdalasini, maana harufu yake huudanganya ulimi.

Mwendo nao ufungamanishe na jambo ulifanyalo tayari. Anayeswali alfajiri msikitini achague msikiti wa mbali kidogo, aende na kurudi kwa miguu. Mwingine azunguke Mama Ngina, kando ya bahari, baada ya alasiri. Dakika 30, siku tano kwa wiki. Mazoezi ya saa sita mchana mwezi wa Machi ni kujitesa.

Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au vidonge vya kisukari, amwambie daktari kabla ya kuzoea tangawizi nyingi, mdalasini au mlonge. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Homa haipimwi kwa chai. Ukishikwa na homa mvua zikianza, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo, na usimeze aspirini wala ibuprofeni mpaka ijulikane kwamba si dengi, kwani huzidisha hatari ya kutoka damu, parasetamoli inatosha. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana na huzaa kwenye maji masafi ya nyumbani, basi funika mapipa na mitungi. Kila wiki mwaga maji, usugue kuta za ndani kwa brashi: mayai hushika ukutani, na kumwaga peke yake hakuyaondoi.