Kabla ya kuuza flipa ya zamani kama chuma chakavu
Ukikuta flipa ya zamani, yaani mashine ya mchezo wa kupiga mpira wa chuma chini ya kioo, katika ghala la baa mjini Lubumbashi, chomoa umeme, toa mpira wa chuma, kisha inua ubao wa kuchezea na uutazame upande wa chini: huenda ni mashine ya majaribio, si ya kawaida. Mashine za majaribio, ambazo viwanda vya Chicago kama Gottlieb, Williams na Bally vilitengeneza chache kabla ya toleo la kawaida, huweza kuwa na matundu yasiyotumika, nyaya zilizoongezwa kwa mkono, au vibandiko vya chipu vilivyoandikwa kwa kalamu. Hata hivyo, mafundi wetu nao hutoboa, tena bila aibu, kwa hiyo tundu peke yake halithibitishi kitu. Linganisha picha zilizochorwa kwenye mashine na zile za kipeperushi cha kiwanda, na upige picha namba na maandishi yote kabla ya kusafisha, maana petroli hufuta wino.