Friji ya safari kwa njia za Lubumbashi: jinsi ya kuchagua na kuitumia

Kabla ya kuuliza bei au lita, piga hesabu ya saa. Injini ya gari itakaa imezimwa saa ngapi, na ndani ya sanduku mtaweka nini? Anayekwenda Likasi, kilomita 120 hivi, na kurudi jioni ana haja yake. Anayelala siku tatu kwenye maporomoko ya Kiubo, gari limeegeshwa, ana haja nyingine kabisa. Anayeshuka Kasenga kuchukua samaki wa mto Luapula na kuwafikisha mjini wakiwa wabichi hafanani na hao wawili, wala hafanani na dereva wa lori anayekaa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bila kujua atavuka lini. Wengi hununua sanduku kubwa kuliko haja, kisha baridi inawaishia katikati ya safari kwa sababu hawakuhesabu saa.

Glasiere ya barafu

Hili ni sanduku la kutunza baridi, halihitaji waya wala batri. Linakula barafu tu, na kiasi cha barafu kinategemea unene wa ukuta. Chukua sanduku la lita 40, nje nyuzi 27 na ndani nyuzi 2. Ukuta wa polistaireni wa sentimita 3 utayeyusha karibu kilo 7 za barafu kwa siku. Ukuta wa povu la poliyurethani wa sentimita 5 utayeyusha kilo 3 hivi. Hiyo ni hesabu ya sanduku lililofungwa na kuwekwa kivulini. Kila mnapofungua, ongeza.

Dukani, usiangalie ukuta peke yake. Gonga mfuniko kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, ndani mna hewa tu, na joto litaingia kwa juu hata kama ukuta ni mzuri. Kisha chukua noti ya franka 500, ibane kati ya mfuniko na ukingo, funga, uivute polepole. Ikitoka bila kukataa, mpira haubani. Rudia pande zote nne, hasa kwenye pembe na karibu na bawaba. Mwisho, tazama tundu la kutolea maji: liwe na kizibo cha kuzungusha chenye mpira wake. Kizibo cha kubonyeza huanza kuvuja mapema.

Kwa safari ya siku moja au mbili, na kwa samaki wabichi, glasiere nzuri bado inashinda mashine nyingi. Haina cha kuharibika.

Sanduku la feni

Madukani utakuta masanduku mepesi yenye waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, na swichi yenye taa mbili, nyekundu ya moto na buluu ya baridi. Hayana kompresa, ile pampu ya friji za nyumbani. Yanatumia kipande kidogo cha umeme kinachofuata kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita, upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Feni kazi yake ni kupuliza huo moto nje.

Shida iko hapa: sanduku hilo hushusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya hewa inayolizunguka. Mwezi wa 7, gari likiwa na nyuzi 22, vinywaji vitakuwa baridi vizuri. Mwezi wa 10, ndani ya gari lililosimama juani kukiwa na nyuzi 45, sanduku litabaki kwenye 25 au zaidi, na nyama itaoza humo huku taa ya buluu ikiwaka. Juu ya hayo linavuta ampea 4 au 5 bila kupumzika, maana mengi hayana kidhibiti joto. Usiku mmoja tu linamaliza batri ya kuwashia gari.

Lina kazi yake: kutunza vinywaji ambavyo tayari ni baridi wakati gari linatembea. Usiliamini kwa nyama, maziwa wala dawa. Na dereva wa lori awe macho: malori mengi ni ya volti 24, na sanduku la volti 12 likichomekwa humo linaungua.

Friji ya kompresa

Hii ni friji kamili, ndogo, inayotumia volti 12, nyingi pia 24, na kwa adapta yake hata 220 ya nyumbani. Inashuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri hata nje kukiwa joto. Kompresa inafanya kazi, inafika joto ulilopanga, inazima, kisha inawaka tena. Kupumzika huko ndiko kunakookoa batri.

Kuitofautisha na sanduku la feni ni rahisi: inyanyue. Ya lita 40 ikiwa tupu huwa na kilo 11 hadi 20. Ikiwa ni nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, au karatasi yake imeandikwa kwamba inapoza “hadi nyuzi 20 chini ya joto la nje”, hiyo si kompresa, muuzaji aseme atakalo. Omba iwashwe. Utasikia mngurumo wa chini ukianza, na baada ya dakika 10 hadi 15 ukiweka kiganja kwenye ukuta wa ndani utahisi baridi inauma. Itazame vilevile matundu ya kupumulia. Yakiwa upande mmoja tu, kumbuka upande huo hautakaa ukigusa mizigo.

Ukubwa: lita 20 zinatosha watu wawili kwa siku mbili, lita 40 zinatosha watu wanne kwa siku mbili au tatu. Lita 60 zinafaa kama una pikapu na batri ya pili. Pima buti kwa futi kabla ya kulipa, na uhesabu pia nafasi ya mfuniko kufunguka juu.

Kuna na friji za gesi. Ni kimya, na zinafaa kambi ya kukaa wiki nzima mahali pamoja. Lakini lazima zikae sawasawa bila kuinama, zisiwashwe kwa gesi gari likiwa linatembea, na kamwe zisiwekwe ndani ya hema au gari mnamolala, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua. Kwa barabara zetu hatuzipendekezi.

Batri na waya

Hapa ndipo friji nyingi nzuri zinapolaumiwa bure. Tufanye hesabu. Kompresa ya wati 45 kwa volti 12 inavuta karibu ampea 3.75 inapowaka. Usiku wa mwezi wa 6 inawaka robo ya muda, mchana wa mwezi wa 10 nusu. Tuseme wastani ni asilimia 40: ampea-saa 1.5 kila saa, yaani 36 kwa siku nzima.

Batri ya kuwashia gari ya ampea-saa 60 haikutengenezwa kumalizwa. Ukitoa 20 hivi, bado itawasha injini. Ukizidisha, unacheza na asubuhi yako. Hiyo ni saa 13, usiku mmoja. Batri ya pili ya risasi ya 100, ile ya kuchaji na kumaliza taratibu, itumie nusu tu: saa 33. Ya lithiamu ya 100 inakuruhusu kutumia 80: saa 53, zaidi ya siku mbili. Sahani ya jua ya wati 100, siku yenye jua zuri, inarudisha ampea-saa 30 hivi. Inakaribia kutosha lakini haifiki, kwa hiyo anayekaa Kiubo siku nyingi achukue wati 150.

Friji nyingi za kompresa zina kinga ya batri yenye ngazi tatu. Ukiwa umeunga kwenye batri ya kuwashia, weka ngazi ya juu, ili friji ijizime mapema na kukuachia nguvu ya kuwasha gari. Kwa batri ya pili weka ya kati. Kinyume chake ndicho kinachowafanya watu waombe kusukumwa asubuhi.

Sasa dalili ambayo mafundi huiona kila mara: batri imejaa, lakini friji inawaka sekunde chache, inajizima, inaonyesha alama ya kosa. Wengi wanasema kompresa imekufa. Chukua multimeta, kile kipimo cha umeme. Pima kwenye batri, utasoma 12.5. Pima kwenye plagi ya friji wakati kompresa inaanza, utasoma 11.6 au chini. Volti moja imepotelea njiani, kwenye waya mwembamba na tundu legevu la kuwashia sigara, na kinga imedhani batri inakufa. Shika plagi hiyo: ikiwa ya moto, umeshapata jibu.

Dawa yake ni waya wake wenyewe, kutoka batri hadi nyuma ya gari, usiopitia tundu la kuwashia sigara. Kwa mita 5, tumia shaba ya milimita za mraba 6. Waya wa 1.5 unapoteza zaidi ya nusu volti kwa ampea 5. Wa 6 unapoteza 0.15 tu. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na batri, ndani ya sentimita 30, kwani waya ukichunika kati ya batri na fyuzi hakuna kinachozuia moto. Upande wa hasi nao uvute waya wake. Usitegemee bodi yenye kutu.

Kupakia

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kilo moja ya maji inayoshuka nyuzi 80. Kwa hiyo chupa 24 za nusu lita zilizotoka kwenye rafu zikiwa na nyuzi 30, ukitaka zifike 5, zitakula karibu kilo 4 za barafu kabla hujaondoka hata Lubumbashi. Poza kila kitu nyumbani siku iliyotangulia. Sanduku lenyewe litie barafu usiku mzima, au iwashe friji kwa umeme wa nyumbani, kisha ndipo upakie.

Barafu ya kipande kikubwa hudumu kuliko vipande vidogo. Gandisha chupa za lita moja na nusu, ukiacha sehemu ya kumi bila maji kwa sababu maji yakiganda yanapanuka. Zikiyeyuka mtakunywa. Thomson, yaani samaki wa chinchard, iliyoganda dukani nayo ni barafu ya bure: iweke chini kabisa, na ikishayeyuka ipikwe, isigandishwe tena. Nyama na samaki chini, vya kuliwa bila kupikwa juu, nafasi tupu zijazwe taulo. Weka kipimajoto kidogo ndani; nyama na maziwa vikae kwenye nyuzi 5 au chini.

Samaki wa Kasenga wana utaratibu wao. Toa matumbo na mashavu, osha, kisha kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu iliyopondwa, bila ubahili. Tandaza barafu chini, unene wa vidole vitatu. Jaza nyingine ndani ya tumbo la kila samaki. Panga safu moja, funika kwa barafu, panga nyingine, malizia kwa barafu. Tundu la maji libaki wazi na sanduku liinamie upande huo, maana samaki anayelala kwenye maji ya damu anaharibika hata maji yakiwa baridi. Kwa vinywaji ni kinyume: acha maji yakae, yanashika chupa vizuri kuliko hewa.

Anayebeba insulini aiweke kati ya nyuzi 2 na 8, ndani ya kopo lake, isiguse barafu wala ukuta wa friji. Ikiganda hata mara moja, itupwe. Ikiyeyuka inaweza isionyeshe kasoro, lakini nguvu yake si ya kuaminiwa tena.

Njiani

Kiangazi, vumbi jekundu la barabara ya Kasenga linaingia kwenye matundu ya kupumulia na kuyaziba kama udongo wa mfinyanzi. Friji inawaka bila kupumzika, batri inakwisha, ndani hakupoi. Acha sentimita 10 wazi mbele ya matundu, usiyafunike kwa kitenge wala magunia ya makaa, na kila jioni yasafishe kwa brashi laini ya kupaka rangi, friji ikiwa imezimwa. Ifunge kwa mikanda miwili. Mashimo huirusha hadi bawaba zikang’oka. Ikilazwa ubavu wakati wa kupakia, isimamishe na isubiri saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa.

Ukirudi, ioshe kwa maji ya vuguvugu na kijiko cha magadi ya kuokea, ikaushe, kisha uihifadhi mfuniko ukiwa umeegemezwa kwa kijiti. Ikifungwa na unyevu, harufu ya samaki itaingia kwenye mpira, na mpira huo hautoki harufu tena hadi ubadilishwe.