Kutembea Mapema Baada ya Kuwekewa Goti la Bandia

Jamaa wanaowauguza wagonjwa hapa Mombasa huniuliza mgonjwa wao ametembea hatua ngapi, nami, kwa kuwa kazi yangu ni fiziotherapia, huwarudishia swali jingine: je, goti linanyooka? Goti lililozoea kukaa limekunjika kidogo humfanya mtu achechemee na achoke upesi, hata akiwa na bidii kiasi gani. Zifuate hatua hizi, lakini daktari aliyekupasua akikupa masharti tofauti, yake ndiyo yatangulie.

Hatua ya kwanza: kitandani

Ganzi ikishaisha, pandisha na ushushe nyayo zako mara kumi kila saa uliyo macho, ili damu isitulie miguuni na kuganda. Kisha weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, likandamize goti kuelekea godoro huku ukikaza msuli wa paja, hesabu hadi tano, halafu legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Mto usiwekwe chini ya goti. Najua unaliwaza, na najua anayeuweka hapo ni binti au mke mwenye huruma, lakini misuli na kano za nyuma ya goti hujifupisha katika mkao huo, na kuzinyoosha baadaye kunauma kuliko upasuaji wenyewe. Mto ukae chini ya kisigino.

Hatua ya pili: kusimama

Wagonjwa wengi husimamishwa siku ile ile ya upasuaji au kesho yake, wakiwa na mtaalamu au muuguzi kando yao. Meza dawa ya maumivu mapema kidogo kabla ya zoezi. Keti ukingoni mwa kitanda dakika chache mpaka kizunguzungu kipite, tanguliza mguu uliopasuliwa mbele kidogo, kisha jisukume kwa mikono kutoka kitandani. Usiivute fremu ya kutembelea, kwa maana itakuangukia. Goti lililoshikizwa kwa saruji ya mifupa kwa kawaida hubeba uzito tangu siku ya kwanza, kwa hiyo usiogope kulikanyagia.

Hatua ya tatu: kutembea

Fremu hutangulia, mguu uliopasuliwa hufuata, mguu mzima humalizia. Kisigino kiguse sakafu kwanza, na goti liwe limenyooka kinapogusa. Bibi mmoja niliyemtembelea Mji wa Kale alikuwa akinyata kwa vidole, macho sakafuni, mabega yamepanda hadi masikioni. Nilimwomba aache kuhesabu hatua, asikilize tu kisigino kikigonga sakafu. Tulipoufikia mlango wa ukumbi kwa mara ya tatu, mabega yalikuwa yameshuka na kisigino kilikuwa kinasikika.

Nyumba za huko zina ngazi nyembamba zenye vidato virefu. Ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, uliopasuliwa utangulie. Utakapohamia kwenye bakora, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande wa mguu mbovu na kuuinamia.

Hatua ya nne: nyumbani na njiani

Ondoa mikeka na mazulia madogo njiani mwako. Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa sasa, kwa hiyo tafuta kiti cha choo cha kuweka juu yake, na anayeswali aswali juu ya kiti. Baraza za mawe nyingi ni fupi mno. Keti mahali ambapo goti haliwi juu ya nyonga. Siku ya kurudi kliniki, kiti cha mbele cha teksi kilichosukumwa nyuma ni bora kuliko tuk-tuk, ambayo haina nafasi ya kunyoosha mguu. Kivuko cha Likoni, kwa msukumano wake na mteremko wa kuingilia feri, uepuke majuma ya mwanzo ukiweza.

Baada ya mazoezi, funga barafu kwa leso na uiweke gotini dakika 15 hadi 20. Hapa huwa nabishana na wazee: si wakati wa kukanda kwa maji moto wala wa kumwita mkandaji. Shavu la mguu hasa lisikandwe, kwa sababu damu iliyoganda humo inaweza kung'oka na kwenda mapafuni.

Kukunja goti kuje taratibu, kwa kuburura kisigino kitandani kuelekea makalio. Wengi hulenga nyuzi 90 hivi mwisho wa juma la pili. Mtu mwingine asilikunje kwa nguvu.

Dalili za hatari

Uvimbe na joto kidogo vinaweza kudumu miezi kadhaa. Lakini shavu la mguu likiuma na kuvimba, kidonda kikitoa usaha, wekundu ukienea au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.