Somo: kuwatambua bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu

Salamu kutoka Ujiji. Wengi mmeniuliza mtu anatokaje kwenye kiganja cha tope hadi akasema "huyu ndiye". Nitaeleza tunavyofanya na wanafunzi wangu kwa tope la bonde la Luiche.

Tunatafuta wawili. Wa kwanza ni Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli. Wa pili ni Lysinibacillus sphaericus. Vitabu vya zamani vinamwita Bacillus sphaericus.

Hatua ya 1: Tope. Chota kijiko kimoja kingoni mwa madimbwi yanayokauka: mashimo ya matofali, majaruba ya mpunga. Andika mahali na tarehe. Usichote kamwe palipofia mifugo ghafla. Bakteria wa kimeta ni ndugu wa karibu mno wa Bti, na joto la hatua inayofuata halimuui.

Hatua ya 2: Joto. Koroga gramu 1 katika mililita 10 za maji yaliyotakaswa, kisha weka nyuzi 80 kwa dakika 10. Watabaki wenye spora, yaani mbegu ngumu zinazostahimili joto. Pandikiza kwenye agari (rojo la kukuzia bakteria), nyuzi 30, siku tatu.

Hatua ya 3: Hadubini. Hapa msiwe na haraka, maana ndipo wengi wanapopotea. Bti na Bacillus cereus, yule anayeharibu wali uliolala, wanafanana kwa koloni (vidoa wanavyoota kwenye agari), kwa rangi ya Gramu (inayogawa bakteria makundi mawili) na kwa karibu vipimo vyote vya kemia. Kinachowatenganisha ni fuwele ya protini, ndiyo sumu yenyewe, ambayo cereus hana. Subiri seli zipasuke, paka rangi ya bluu ya Coomassie, utafute vidonge vilivyokolea rangi kando ya spora. Fuwele za Bti huelekea kuwa mviringo. Ukiona zenye umbo la almasi, yaelekea umempata muuaji wa viwavi, si wa mbu. Sphaericus hakusumbui: spora yake ya duara hukaa mwishoni na kuivimbisha seli, utadhani rungu.

Hatua ya 4: Viluwiluwi. Weka viluwiluwi 25 vilivyo katika hatua ya tatu ya ukuaji au mwanzo wa nne katika kila kikombe, vipimo kadhaa vya dawa (yaani bakteria wako), na vikombe visivyo na dawa. Hesabu baada ya saa 24 kwa Bti, 48 kwa sphaericus. Mwaka wangu wa kwanza vilikufa vyote, nikafurahi sana, kumbe hata kwenye vikombe visivyo na dawa vilikuwa vimekufa: nilitumia maji ya bomba yenye klorini. Vifo vya huko vikizidi asilimia 20, tupa jaribio lote.

Hatua ya 5: Kumpa jina. Bti alipangwa kwa seramu inayotambua mikia yake, kundi H-14. Siku hizi peleka DNA kwenye maabara yenye PCR (njia ya kunakili vipande vya DNA ili vionekane), watafute jeni za cry4, cry11 na cyt1.

MASWALI

*Mdau wa Kasulu: Mwalimu, jeni ya 16S, ile ya kutambulia bakteria wa kila aina, haitoshi?*
Haitoshi, ndugu yangu. Itakuambia upo kwenye kundi la cereus, basi. Jeni za sumu ya Bti zipo kwenye plasmidi (kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu), na plasmidi inaweza kupotea ukimpandikiza mara nyingi.

*Mdau wa Urambo: Shikamoo mwalimu. Mbu wangu wa Culex wanakufa, wa Anopheles wanadunda. Nimekosea wapi?*
Marahaba. Anopheles hula juu ya maji, na fuwele zako zinazama. Koroga taratibu, au tumia unga mwepesi unaoelea. Ila kama ni sphaericus, kumbuka Culex ndio wanaodhurika naye zaidi. Mbu Aedes aegypti karibu hamjali.

*Mdau wa Kibirizi: Nikimpata, naweza kumwaga kisimani? Dagaa hawatadhurika?*
Hapana, usimwage. Bti aliyethibitishwa hufanya kazi kwenye utumbo wa kiluwiluwi wenye alkali, samaki hadhuriki. Lakini wa kwako bado hujamthibitisha, na cereus anatapisha na kuharisha watu. Kwa kazi ya mtaani tumia dawa iliyosajiliwa. Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza za aina zote mbili. Wa kwako abaki kwenye sahani, na ukimaliza mchemshe kwenye sufuria ya presha kabla ya kumtupa.