Kombe la Dunia ukiwa Lamu: panga saa, tokeni na maji kabla ya usiku wa Ijumaa

Jamaa, Kombe la Dunia la 2026 linachezwa Marekani, Kanada na Meksiko na sisi tuko Lamu, kwa hivyo kabla hujafikiria jezi wala skrini kubwa fikiria saa. New York wako nyuma yetu saa saba, Mexico City saa tisa, Los Angeles saa kumi, yani mpira wao wa mchana ndo usiku wetu na mpira wao wa usiku ndo adhana yetu ya alfajiri. Qatar 2022 tulidekezwa, saa zao na zetu ni zile zile, mtu watoka kazini waoga wakaa barazani na mechi yaanza. Mara hii hakuna hayo.

Ufunguzi ni tarehe 11 Juni, Meksiko na Afrika Kusini, uwanja wa Azteca, kwetu ni Alhamisi saa nne usiku. (Walifungua pamoja pia 2010 kule Johannesburg, tarehe hio hio 11 Juni, Tshabalala akapiga lile bao la kushoto na ikaisha 1-1, wenye umri wanakumbuka.) Sasa angalia unavyowaalika watu, manake ukimwambia mzee wa Langoni "mpira ni usiku wa Alhamisi" atakuja Jumatano akukute umelala, kwa hesabu ya wazee usiku hutangulia mchana wake, huo wa ufunguzi ni usiku wa Ijumaa. Na fainali ya Jumapili tarehe 19 Julai, nayo saa nne usiku, kwao ni usiku wa Jumatatu. Mwambie tarehe na saa, na uongeze "kuamkia siku fulani", hapo hamutapotezana. Na kwa sababu ufunguzi ni usiku wa Ijumaa na watu wana Yasini zao, si vizuri uanze kujaribu spika saa moja na nusu, ngoja.

Vijana nao wana kosa lao, anaona ratiba imeandikwa 6 jioni saa za New York yeye anasoma saa kumi na mbili magharibi, anakuja na mishkaki yake mkononi anakuta taarabu. Chukua siku moja tu ya Jumatatu tarehe 15 Juni uone mambo yalivyo: Uhispania na Cape Verde saa moja usiku, Ubelgiji na Misri saa nne, Saudia na Uruguay saa saba usiku, na ya nne iko kule Los Angeles saa kumi alfajiri. Mbili za mwisho kwetu tayari ni tarehe 16 lakini kwenye ratiba zao ni 15. Na hio ya saa kumi wakienda mapumziko ndo unakaribia wakati wa adhana ya alfajiri, kipindi cha pili kinaingiliana na sala, kwa hivyo amua mapema kabisa, sio unasimama mlangoni mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Mimi nimeshaamua, za saa kumi siangalii, nitaamka nitaswali halafu niulize matokeo kwa wauza mahamri, wao hawakosi habari.

Kuchagua ni lazima bana. Zamani zilikuwa timu 32 na mechi 64, sasa timu ni 48 na mechi 104, na kati ya hizo 72 ni za makundi peke yake. Tena katika makundi 12 wanapita wawili wawili na juu yake wanachukuliwa washindi wa tatu 8 walio bora, kwa hivyo baada ya mechi zote hizo 72 wanaotoka ni timu 16 tu. Mtu akikesha wiki mbili za kwanza, mtoano ukianza tarehe 28 Juni utamkuta anasinzia kwenye penalti. Kwangu mimi orodha ni fupi, nawafuata Waafrika (Morocco walifika nusu fainali 2022, hakuna Mwafrika aliyefika huko kabla yao), halafu Cape Verde kwa sababu ni watu wa visiwa na hii ni mara yao ya kwanza, na Curaçao. Najua utaniuliza Curaçao nini. Ni kisiwa cha watu laki moja na nusu na kidogo, kaunti yetu ya Lamu kwenye sensa ya 2019 ilihesabiwa watu 143,920. Yani ni kama sisi kutoka Faza mpaka Witu tuchague kumi na moja twende tukacheze na Ujerumani, manake kundini mwao Ujerumani wamo. Timu kama hio hauiachi, hata ikifungwa sita.

Haya, tokeni. Hapa naongea kwa uchungu. Fainali ya 2022 watu walijaa kwangu, dakika ya 78 hivi Argentina wako mbele 2-0, Messi kafunga penalti, Di María kaongeza la pili, wale wa Ufaransa wameshaanza kutafuta viatu vyao, mara giza. Nikasema labda stima imepotea mtaa mzima, nikachungulia, kwa jirani taa zinawaka. Ni mita yangu mimi, ilikuwa inamulika nyekundu tangu asubuhi na mimi nikisema ntaingiza baadae. Nikanunua kwa simu, pesa imekatwa, meseji ya tokeni haiji. Nimesimama mbele ya mita, tochi mkono mmoja simu mkono mwengine, watu ishirini nyuma yangu wananipumulia shingoni, tukasikia ukelele nyumba ya pili. Kabla hatujaulizana ni nini, ukelele mwengine. Mbappé kafunga mawili, dakika ya 80 na ya 81, na sisi tunaangalia mita. Tokeni zinaingia ni 2-2. Sawa, penalti tuliziona, iliisha 3-3 na Argentina wakachukua 4-2, lakini mpaka leo nikipita Mkunguni kuna kijana ananiita Mita, sio jina langu, Mita.

Kwa hivyo nunua siku mbili kabla na uingize hapo hapo, usiweke meseji ukasema utaandika zile namba 20 baadae. Hesabu pia kwamba feni zitakuwa zinazunguka na friji ya maji inafunguliwa kila dakika, sio televisheni peke yake. Ukiwa na jenereta iwashe wiki moja kabla uone inashika ama imeziba, mafuta yachukue mapema kwa sababu saa sita usiku hakuna wa kukufungulia na punda naye amelala. Iweke nje uwanjani, mbali na makuti, na usimimine mafuta ikiwa moto ati kwa sababu ni dakika ya 89. Ukiwa huna jenereta betri ya sola na inveta ndogo inabeba televisheni moja vizuri, lakini ijaribu usiku mzima kwanza, sio dakika kumi.

Dishi ni habari ya kusi. Juni na Julai kusi kiko juu na kila mtu aliyefunga dishi kwenye fito la paa anajua, upepo unalisukuma kidogo kidogo, leo picha inakatakata kesho inaganda kesho kutwa hakuna kitu. Na chumvi yetu hii inakula boliti mpaka ukishika spana inavunjika. Mpandishe fundi mwanzo wa Juni, abadilishe boliti zilizooza, akaze, afute kile kichwa cha dishi na aangalie waya pale unapoingilia ukutani. Ukingoja tarehe 11 fundi atakuwa na nyumba arubaini na bei yake itakuwa ya Kombe la Dunia. Malipo ya dekoda pia usiyaache mpaka jioni ya mechi, na kabla hujalipa uliza kifurushi hicho kina mechi zote ama kinakupa chache tu. Wenye kuangalia kwa simu, bando la usiku mara nyingi ni nafuu lakini soma linaanza saa ngapi, na jua kwamba picha ya intaneti huchelewa nyuma ya dishi, jirani ashapiga makelele ya goli na wewe kwako mpira bado uko kwa kipa. Vijia vyetu hivi ukuta na ukuta, hauwezi kujifanya hukusikia.

Sasa maji, na hili sijaona mtu analisema. Nusu fainali ni tarehe 14 na 15 Julai, zote saa nne usiku, na mwezi unaandama tarehe hizo hizo. Manake ni bamvua, yani maji hujaa sana na kupwa sana, na ni giza totoro, na sisi siku za bamvua maji hupwa saa nne, saa nne na nusu hivi. Ukitoka Matondoni au Kipungani ukasema utang'oa nanga saa tatu na nusu uwahi mechi, utaangalia nusu fainali ukiwa umekwama kwenye tope la mikoko na mbu. Toka alasiri wakati maji bado yapo, njoo mapema ule, uswali, ukae. Na kurudi usilazimishe, mechi ya saa nne na mapumziko na zile dakika tatu za kunywa maji walizoweka kila kipindi inaisha saa sita na kitu, ikienda ekstra taimu na penalti ni saa saba, maji ndo kwanza yanajaa na nahodha naye ana usingizi kama wewe. Lala kwa jamaa mpaka alfajiri. Wa Shela mna nafuu, mtatembea ufukweni maji yakiwa chini, ila chukueni tochi kwa ajili ya kamba za mashua. Ukibidi kupanda boti usiku mwambie nahodha tangu mchana, mkubaliane nauli, na uulize laifujaketi ziko ngapi, sio ziko, ziko ngapi, kwa sababu kusi kikiwa kimeamka pale mlangoni pa Shela hakuna mchezo.

Majirani usiwasahau. Nyumba zetu za mawe zinashika sauti, goli la saa saba usiku linamfikia mgonjwa nyumba ya tatu, kwa hivyo pitia kwao siku mbili tatu kabla, waambie, na sahani ya viazi karai ikitangulia maneno yanapokelewa vizuri zaidi. Watoto wana shule, wape zile za saa moja usiku basi, Cape Verde na Uhispania wataangalia mpaka mwisho na walale. Mwenye kwenda baharini alfajiri asikeshe, hapo sina mjadala. Wenye kubeti mimi sina la kuwaambia, mnajua wenyewe.

Kahawa nimeshazungumza na muuzaji wetu, ameniambia atapitisha dele mara mbili, ya kwanza kabla mpira haujaanza na ya pili mapumziko, fainali ataongeza ya tatu ikienda penalti. Ameniuliza tu swali moja, kama safari hii mita iko sawa.